Sili za Fundi Amosi

Fundi Amosi aliteremshwa kwenye gari la polisi akiwa na pingu mikononi, viatu vyake havina kamba. Watu waliokaa kwenye mikeka chini ya turubai la msiba wakaacha mazungumzo. Mzee mmoja aliyekuwa anavuta tasbihi aliikamata yote kiganjani.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, juu ya Bigwa, pale ambapo nyumba za Morogoro mjini zinaanza kuachiana nafasi na mlima unaanza kupanda. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye migomba ya juu, na ulikuwa bado unashuka.

Inspekta Hafidha wa idara ya upelelezi alitangulia bila kutazama pembeni. Nyuma yake Koplo Stephano alikuwa amemshika fundi kiwiko. Wakapita kando ya nyumba, wakapita vitalu vya miche ya parachichi na mikarafuu, mpaka kwenye banda la bati lililokuwa na trekta.

Lilikuwa trekta dogo la bustani, la kiti kimoja, lililowahi kuwa jekundu. Mzee Abdulmajid alilinunua mnadani miaka mingi iliyopita, likamfanyia kazi ya kulima kati ya vitalu na kuvuta tela la mbolea. Jumamosi asubuhi alikuwa analishusha na mbolea kutoka zizi la juu. Kwenye kona ya mwisho halikusimama. Lilikwenda moja kwa moja korongoni, likalala ubavu, na yeye akiwa chini yake. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri, na trekta likavutwa likarudishwa bandani.

Ripoti ya askari wa kwanza kufika ilikuwa na sentensi moja tu yenye uzito: sili za giaboksi, mipira inayozuia oili isitoke, zilivuja, oili ikaingia kwenye breki. Aliyetengeneza sili hizo, siku tatu kabla ya ajali, alikuwa Amosi. Jumanne asubuhi angesomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe.

"Mfungue," Hafidha alisema.

Stephano alimtazama. "Pingu, afande?"

"Nataka afanye kazi. Hatafanya kazi na pingu."

Kabla ufunguo haujaingia, kijana mmoja mrefu mwenye kanzu alitokea mlangoni mwa banda. Alikuwa Hamza, mtoto wa dada yake marehemu, msimamizi wa shamba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Afande, huyu ndiye aliyemuua mjomba wangu. Mnamletaje hapa na hitima haijasomwa?"

"Hitima ni baada ya adhuhuri. Nitakuwa nimemaliza."

"Na watu waliokaa pale nje niwaambie nini?"

"Waambie polisi wanaangalia trekta. Halafu rudi hapa, usiende mbali."

Hamza aliondoka. Amosi alisugua vifundo vya mikono. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye gereji yake ya uchochoroni mjini ambako watu walimletea mashine ambazo wengine walizikataa. Katika maelezo yake ya kurasa mbili alikuwa amesema mara tano kwamba sili zake hazikuvuja.

"Fundi," Hafidha alisema, "ukinidanganya leo, kesho sitaweza kukusaidia. Ulibadilisha sili ngapi?"

"Mbili. Kulia na kushoto."

"Mpya?"

Amosi alilitazama trekta. Bati la banda lililia, upepo ulikuwa umeanza.

"Mpya ni moja," alisema. "Ya kulia. Ya kushoto sikuipata. Trekta lenyewe ni la zamani, saizi ile haipo Morogoro, na Dar walinipa inayokaribia tu. Nikasafisha ile ya zamani. Ina kispringi cha mviringo ndani, ndicho kinachobana mdomo wa mpira kwenye shafti. Nilikikata kidogo, nikakiunga, kikabana zaidi. Ni kazi ya kawaida, afande. Inadumu mwaka."

"Kwenye maelezo ulisema zote mpya."

"Niliogopa."

Stephano alifunga daftari. "Basi tumemaliza. Kaweka sili mbovu, mtu amekufa."

"Hatujamaliza," Hafidha alisema. "Fungua upande wa kushoto."

"Tusianzie hapo, afande," Amosi alisema. "Tupime kwanza oili."

Alipanda, akafuta vumbi kwenye kifuniko cha giaboksi, akachomoa stiki ya kupimia, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha, akaichomoa tena. Akampa Hafidha.

Stiki ilikuwa na alama mbili. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu kabisa, nzito, ya rangi ya asali, na ilinuka kama kiberiti kilichowashwa kikazimwa.

"Hapo ndipo nilipoijaza Jumatano," Amosi alisema. "Oili ya giaboksi, namba tisini. Haijapungua."

"Trekta lilipinduka," Stephano alisema. "Labda ilitembea."

"Lililala ubavu, koplo. Likilala linamwaga, haliongezi. Na kama ingekuwa imevuja mpaka ikalowesha breki, hapa pangekuwa pamepungua."

Hafidha alipiga picha stiki ile mara mbili, na saa yake ya mkononi ikionekana. "Sasa fungua."

Stephano akaweka jeki. Amosi akalegeza nati za tairi la kushoto moja baada ya nyingine. Tairi likatoka. Likabaki dramu la breki, sufuria ya chuma yenye kutu. Kwenye mgongo wake palikuwa na tundu dogo la kuchungulia breki, limezibwa kwa kifuniko cha mpira.

Amosi alisita. "Hiki kimewekwa kinyume."

"Kinyume vipi?"

"Kina mdomo. Mdomo unaingia ndani. Hiki kimegeuzwa, kimesukumwa tu kwa nguvu. Mimi siweki hivi. Na Jumatano sikukigusa."

Hafidha alikipiga picha kabla hakijaguswa. Akavaa glovu, akakichomoa mwenyewe, akakitia kwenye bahasha, akaandika tarehe na saa. Amosi akapigapiga dramu kwa nyundo ya mbao, taratibu, akilizungusha, mpaka likaachia.

Oili ilitiririka. Ilianguka sakafuni kwa uzi mwembamba mweusi, ikatambaa kuelekea kwenye kiatu cha Stephano, naye akarudi nyuma hatua moja.

Nje palikuwa kimya, ingawa watu zaidi ya thelathini walikuwa wamekaa hatua chache kutoka pale.

Amosi alichovya kidole. Akakinusa. Akakisugua na kidole gumba. Kisha akakaa chini juu ya boksi la spana kama mtu aliyesukumwa.

"Si yangu," alisema. "Tazama, afande. Nyeusi, nyepesi, haina ile harufu. Hii ni oili chafu, iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari. Haikutoka kwenye giaboksi hii."

"Ielekeze tochi nyuma, kwenye sili."

Hafidha alipiga magoti akachungulia. Pale ambapo shafti ilitokea kwenye giaboksi, sili ya zamani ilikuwa imekaa mahali pake. Chini yake palikuwa pakavu. Vumbi la Jumatano, la msasa wa fundi, lilikuwa bado limelala pale, halijalowa.

"Na upande wa kulia," alisema.

Upande wa kulia ulikuwa hivyo hivyo: kifuniko kimegeuzwa, dramu limejaa weusi, sili mpya kavu. Hafidha alichukua oili ya dramu kwenye chupa moja na oili ya giaboksi kwenye nyingine, akazifunga kwa lakiri, Amosi na Stephano wakaweka sahihi kwenye lebo. Zote zingekwenda kwa mkemia, ila jibu lilikuwa limeshaonekana kwa macho.

"Mtu alimimina oili chafu kupitia matundu haya," alisema. "Pande zote mbili, ili isibaki breki ya kushika."

Stephano hakuwa tena na haraka ya kufunga daftari. "Oili chafu inatoka wapi hapa?"

Hafidha aliinuka akatoka nje ya banda. Uzio wa shamba ulikuwa wa nguzo za miti, mamia yake, zikipanda na kilima mpaka zilipomezwa na ukungu. Kila nguzo ilikuwa imepakwa weusi kuanzia chini hadi usawa wa goti, kwa ajili ya mchwa. Nguzo za karibu zilikuwa bado zinang'aa.

Hamza alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama karibu na uzio, mikono nyuma.

"Nionyeshe mikono, Hamza."

Akaionyesha. Weusi ulikuwa umekaa kwenye kucha na kwenye mistari ya viganja.

"Nani anapaka nguzo?"

"Mimi. Tangu mwezi uliopita."

"Oili iko wapi?"

"Stoo ya jikoni. Dumu la lita ishirini."

"Njoo ndani."

Walikaa bandani, Hamza juu ya ndoo iliyopinduliwa, Hafidha amesimama. Stephano aliegemea mlango. Trekta lilikuwa kati yao bila matairi ya nyuma, limelala juu ya mawe kama mnyama aliyechinjwa.

"Shamba hili sasa ni la nani?" Hafidha aliuliza.

"La ukoo. Ukoo wa bibi yangu, mama yake mjomba. Mjomba alikuwa analishika tu. Kwa mila yetu Waluguru halirithiwi na mke wala watoto, linakwenda kwa mtoto wa dada. Wewe ni wa hapa, afande, unajua."

"Najua. Nani alisema linakuja kwako?"

"Wazee. Walikaa hapa nyumbani wiki mbili zilizopita, mjomba mwenyewe aliwaita. Alisema anazeeka, anataka ijulikane mapema."

"Wiki mbili baadaye amekufa."

"Afande, shamba lingekuja tu. Nilikuwa na haraka ya nini?"

"Watu wana haraka. Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Msikitini, na mjomba. Wanaume wote tulikuwa msikitini. Ijumaa trekta halifanyi kazi."

"Alhamisi je?"

"Alhamisi nimelishusha na mbolea mara nne. Breki zilikuwa zinashika vizuri kuliko siku zote. Nilimwambia hata mjomba, huyu fundi anajua." Akamtazama Amosi kwa mara ya kwanza, halafu akaangalia chini.

Stephano aligusa pingu kiunoni. Hafidha alimwona.

"Umesema umelishusha. Wewe ndiye uliyeliendesha?"

"Mimi ndiye ninayeendesha."

"Siku zote?"

"Mwaka mzima huu. Mjomba goti lilikuwa linamsumbua, hawezi kukanyaga klachi."

"Jumamosi akaendesha yeye."

"Kwa sababu mimi sikuwepo." Hamza alijifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Asubuhi tu, viriba vya miche viliisha. Akanituma mjini nikanunue. Nikamwambia mbolea nitaishusha nikirudi, akasema sawa. Sijui kwa nini hakusubiri. Labda aliona wingu la mvua."

Hafidha alitembea mpaka kwenye trekta, akaweka mkono kwenye usukani, akakitazama kiti.

"Stephano," alisema, "achana na hizo pingu."

"Afande?"

"Aliyemimina oili Ijumaa alijua Jumamosi nani atakaa hapa. Alijua kama kila mtu shambani alivyojua. Mzee hakukaa hapa mwaka mzima."

Ilimchukua Hamza muda kuelewa. Alipoelewa alisimama, ndoo ikaanguka nyuma yake, na akabaki ameduwaa mikono ikining'inia.

"Mimi?" alisema.

"Funguo za stoo ya jikoni anazo nani?"

"Tangu tuibiwe mabomba ya kunyunyizia dawa, anazo mama. Mke wa mjomba. Nikitaka oili namwomba ananitolea."

Amosi alikuwa bado juu ya boksi lake. Aliinua kichwa polepole.

"Afande," alisema. "Si kila mtu anajua kwamba oili ikigusa breki, breki imekufa. Watu wanadhani ni sabuni ya chuma, inasaidia."

"Ulimweleza mtu?"

"Jumatano nilikuwa hapa peke yangu. Mama aliniletea chai. Akakaa pale, kwenye ile ndoo, akaniuliza sili ni kitu gani, inazuia nini. Nikamwonyesha. Nikamwonyesha mpaka lile tundu, kwamba unaweza kuchungulia pale ukaona breki kama zimelowa." Alifuta kidole chake kwenye suruali, akaendelea kukifuta. "Nilifurahi. Hakuna mtu anayeniulizaga mambo haya."

Hafidha alimwambia Stephano abaki na wote wawili na asimruhusu mtu kuingia wala kutoka. Kisha akaenda nyumbani.

Bi Mwaisha alikuwa kwenye chumba cha ndani, amekaa eda, na wanaume hawakuruhusiwa kufika pale. Hafidha alivua viatu mlangoni. Wanawake watatu waliokuwa naye walimtazama askari, wakamtazama mwenzao, wakatoka bila kuambiwa. Dirisha lilikuwa wazi na ukungu ulikuwa umefika uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, amejifunga kaniki nyeusi mpaka kidevuni. "Nimesikia mmemleta fundi. Nilishatuma ujumbe kituoni, nimemsamehe. Mwachieni aende kwa watoto wake."

"Hana kosa la kusamehewa, mama. Sili zake hazikuvuja."

Bi Mwaisha aliivuta kaniki juu zaidi.

"Naomba funguo za stoo ya jikoni."

Mkono ulitoka kwenye kaniki, ukaingia chini ya mto, ukatoka na funguo mbili zilizofungwa kwa uzi. Hafidha alizipokea. Akatoa daftari.

"Kabla hujasema lolote, hulazimiki kusema. Ukisema, nitaandika, na yatasomwa mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ijumaa mchana, wanaume wakiwa msikitini, ulikuwa wapi?"

Mwanamke yule aligeuza uso dirishani. Kutoka pale alipokaa, juu ya mapaa ya vitalu, njia ya kuteremkia kutoka zizi la juu ilionekana yote mpaka kwenye kona.

"Kwetu ni Kondoa," alisema. "Nimekuja hapa nina miaka ishirini na sita. Hiyo miparachichi unayoiona, kila mmoja nimeuunga na kuubebesha mimi, kwa mikono yangu, kisu na nailoni. Abdulmajid alikuwa hajui hata jinsi ya kukata kikonyo cha kuunga. Wasichana wangu wawili wamesomeshwa na miche hiyo. Siku wazee walipokaa, mimi ndiye niliyepeleka chai. Nikasimama koridoni na sinia. Nikamsikia mume wangu kwa mdomo wake. Mtoto wa dada. Sikusikia jina langu, wala la binti zangu, hata kwa bahati mbaya."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza. Akaniambia, mke wangu, ardhi si yangu nikupe. Hamza atakutunza." Alilainisha kaniki magotini. "Hamza si mtu mbaya. Angenitunza kweli. Ningekaa hapa nikitunzwa, kwenye miti yangu."

Hafidha aliandika. Chumba kilikuwa kimeingiwa na baridi.

"Ulitumia nini kumimina?"

"Mpira wa dripu. Ulibaki siku mume wangu alipolazwa kwa malaria. Na kikombe cha bati. Vyote viko chooni, chini." Akainua viganja vyake akaviangalia. "Nilifikiri Hamza atavunjika mguu. Hapana, andika vizuri. Sikufikiri atavunjika mguu. Nilifikiri atakufa, na ukoo utatafuta mrithi mwingine, na hakuna mwingine. Dada wengine wa Abdulmajid wote wamezaa wanawake."

"Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi nilikuwa jikoni. Sikujua kama Hamza katumwa mjini. Nikasikia trekta linawaka kule juu. Nikajiambia usitazame, na nikatazama." Akanyoosha kidole kuelekea njia ile. "Nikaona kofia yake. Ile kofia ya kufuma niliyomfumia mimi. Nikakimbia uani. Nikamwita. Nikaita Abdul, shuka, Abdul, nikavua mtandio nikaupunga juu. Injini ilikuwa inanguruma, hasikii. Akaniona lakini. Aliniona kabisa, akacheka. Akainua mkono akanipungia na yeye."

Huko nje mtu alikohoa, na sauti za wanaume zikaanza kusoma hitima, chini kwa chini, kisha kwa pamoja. Hafidha aliandika mpaka mwisho wa sentensi. Akamsomea yote, polepole, naye akasikiliza akiitikia kwa kichwa, akasahihisha neno moja tu: Hafidha alikuwa ameandika shela, yeye akamwambia ni mtandio. Kisha akachukua kalamu akaweka sahihi.

"Binti zangu wako jikoni wanapika," alisema. "Nani atawaambia?"

"Mimi nitawaambia."

"Waambie na lile la mkono," Bi Mwaisha alisema. "Kwamba alinipungia."

Akainuka, akaanza kutafuta baibui lake nyuma ya mlango.